Tofu ya Manjano

Mama Gyu-sik hakupendwa na mtu sokoni, na sitakudanganya kwamba mimi nilimpenda. Nimeuza dagaa wakavu na mwani mkabala na kibanda chake kwa miaka mingi, na sikumbuki asubuhi hata moja aliyonisalimu salamu ya binadamu. Akifika tu, anawatazama dagaa wangu, anakunja pua, halafu anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki, "Mzee Bang, hawa wamekufa kwa ugonjwa gani?" Mteja wangu anacheka, anarudisha dagaa mahali pake, anakwenda kununua figili kwake. Huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Amekwisha kufa, na maiti ana heshima yake, lakini sitampaka asali. Angekuwa hai angeilamba, akasema imetiwa sukari.

Mumewe alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja wa kiume na madumu matupu ya kuwekea kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha kwa pilipili. Aliyajaza. Alimlea Gyu-sik kwa kabichi, figili na pilipili, mpaka vidole vyake vikawa vyekundu hata siku za mapumziko, akamsomesha, akampeleka Seoul. Kijana akapata kazi ya maana, akapata mke wa maana, akapata nyumba ya ghorofani yenye lifti inayosema. Hayo yote tunayajua sisi watu wa soko la Daegu kuliko tunavyojua majina ya wajukuu wetu, kwa sababu tuliimbiwa kila siku. Gyu-sik kapandishwa cheo. Gyu-sik kanunua gari. Gyu-sik mwenyewe tulimwona mara chache, na mara hizo alisimama pembeni ya mfereji ameshika suruali isilowe.

Jirani yake wa ubavuni alikuwa Mama Hwa-jin, muuza tofu, vile vipande vyeupe laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, mwanamke mwenye mikono minene kama ya mpiga mieleka. Hao wawili walichukiana kwa sababu ya maji. Tofu hutoa maji, na maji hufuata mteremko, na mteremko ulielekea kwa Mama Gyu-sik. Mama Hwa-jin alikuwa mdogo kwa umri, kwa hiyo ilimbidi amwite mwenzake "dada". Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu.

"Dada, ndoo yako imeingia kwangu."

"Imeingia kuoga, maana kwako ni bwawa."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Binti yake, Hwa-jin, alikuwa msusi tu wa mtaa wa nyuma, na Mama Gyu-sik hakuacha kumkumbusha. "Wako anashika vichwa vya watu, wangu anatumia kichwa chake." Mimi nilikuwa nacheka. Ilikuwa inachekesha, kwa mtu asiyehusika.

Kiangazi kimoja Mama Gyu-sik akaanguka penye bomba la maji. Hospitali wakamwambia moyo wake una mapigo mabovu: unakimbia, unajikwaa, unasita, unakimbia tena, na kwa sababu hiyo hausukumi damu vizuri, ndiyo maana miguu imevimba. Wakampa kidonge cha kuutuliza moyo na kingine cha kumfanya akojoe yale maji ya miguuni. Duka la dawa likamfungia vidonge vyake katika vipakiti vidogo vya karatasi, kila kimoja dozi ya mara moja. Alirudi kibandani na hasira mpya.

"Moyo wangu mwenyewe!" akasema. "Nimeulisha miaka yote hii, leo unanikatikia kama pikipiki ya Mzee Bang."

Majira ya baridi yalipokaribia, likaja boksi. Kijana wa kupeleka vifurushi alilitua mbele ya kibanda, na Mama Gyu-sik hakulifungua mpaka watu wakutane. Ndani mlikuwa na mifuko ya dawa ya mitishamba, iliyochemshwa na kutiwa kwenye plastiki, mfuko mmoja asubuhi, mmoja jioni.

"Gyu-sik huyo," akasema. "Nimemwambia asijisumbue. Hasikii."

Kwetu mtoto anayemtumia mamake boksi la dawa ya namna hiyo amemaliza kila kitu. Hahitaji kupiga simu. Akina mama wote wa safu yetu waliguna kwa wivu, na Mama Hwa-jin akageuka kukata tofu ambayo haikuwa na mteja. Tangu siku ile, Mama Gyu-sik aliupasha mfuko wake kwenye maji ya moto pale pale mbele ya watu, akaukata kona kwa mkasi, akaunywa wima. "Chungu kama nyongo," alikuwa anasema, "lakini ya mwana ni tamu." Boksi likiisha, linakuja jingine.

Tangu hapo akaanza kufa, mbele ya macho yetu, nasi tukadhani ni roho mbaya tu.

Hebu fikiria. Mtu ambaye siku zote analalamika, utajuaje kwamba leo analalamika kweli? Akisema chakula kinanuka, tunasema ndivyo alivyo. Akitapika nyuma ya kibanda, tunasema kabichi zake hizo. Akikaa chini saa ambayo biashara imechanganya, anashika kifua, anamtukana mteja kwa pumzi fupi fupi, tunasema uzee umemwongezea sumu. Akampigia kelele Mama wa samaki kwamba taa zake zimezungukwa na duara. Akanirudishia noti za chenji akisema zimefifia. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa.

Halafu ukaja msimu wa kutengeneza kimchi ya baridi, wiki ambazo faida yake hulilisha soko letu mwaka mzima. Watu wanakuja familia nzima na magari, wananunua kabichi kwa lundo, na tofu ya kula pamoja na nyama ya kuchemsha wakimaliza kazi. Asubuhi hiyo Mama Hwa-jin alikuwa na foleni. Mama Gyu-sik akatoka kwake, akasimama mbele ya foleni ile, akanyoosha kidole chekundu.

"Mnanunua hiyo? Hamna macho? Tofu ya manjano kama usaha!"

Watu wakatazama tofu. Ilikuwa nyeupe, mimi niliiona.

"Dada," akasema Mama Hwa-jin pole pole, "rudi kwako."

"Imechacha! Jana ya manjano, leo ya manjano. Anawalisha watoto wenu uozo!"

Foleni ikaanza kulegea. Mteja wa mjini hachunguzi. Akisikia neno uozo anashika mkono wa mtoto wake. Mmoja akaondoka, wa pili, kisha wanne kwa pamoja. Ikawa hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Siku ya nne Mama Hwa-jin alirudi nyumbani na mabeseni yamejaa.

Siku ya tano alivua aproni. Nilidhani atampiga, na sisemi uongo, nusu ya soko ilisogea ipate kuona vizuri.

"We mwanamke," akasema, na neno "dada" lilikuwa limekwisha kinywani mwake. "Vaa viatu vyako. Twende kwa daktari wa macho sasa hivi. Akisema macho yako mazima, mimi nafunga kibanda, nahama. Akisema mabovu, unarudi hapa, unapiga magoti juu ya haya maji ya tofu, unaniomba radhi mbele ya soko zima."

"Siendi popote na mchuuzi wa uozo."

"Anaogopa!" akapaza Mama wa samaki.

Huwezi kumwambia Mama Gyu-sik kwamba anaogopa. Akavaa viatu. Nikaambiwa nilete gari, kwa kuwa mimi nina gari la dagaa na kwa kuwa, kama walivyosema, hakuna ugomvi usio na pua yangu. Njia nzima walikaa ubavu kwa ubavu bila kusemezana. Mama Gyu-sik alikuwa anahema, na jasho limemtoka ilhali nje kulikuwa na baridi. Mama Hwa-jin alifungua dirisha. Sidhani kama ilikuwa huruma. Gari linanuka dagaa.

Daktari wa macho alikuwa mzee mchangamfu. Alimsomesha herufi, akammulika, akachungulia huku na huku, akasema macho ni mazuri kupita ya kwake mwenyewe.

"Umesikia?" Mama Gyu-sik akamgeukia mwenzake. "Funga kibanda!"

"Daktari, mwulize tofu ina rangi gani."

"Ni tofu peke yake unaiona ya manjano, mama?" daktari akauliza, bado anatabasamu. "Au na vitu vingine vyeupe?"

Mama Gyu-sik akamtazama juu mpaka chini. "Na wewe ulifue hilo koti lako."

Daktari akalitazama koti lake. Lilikuwa jeupe pe. Tabasamu likamtoka. Akauliza anatumia dawa gani, akapewa vile vipakiti vya karatasi, akavisoma, kisha akashika kifundo cha mkono wa yule mama akahesabu mapigo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mna gari?" akaniuliza mimi. "Mpelekeni hospitali kubwa. Msipitie popote."

"Kwa hiyo macho yake mazima au mabovu?" Mama Hwa-jin akadai.

"Mama, huyu moyo wake unasimama na kuanza. Nendeni!"

Huko wakamlaza, wakambandika nyaya kifuani, wakamtoa damu. Daktari wa moyo alikuwa mwanamke kijana aliyechoka, anaitwa Seok, na hakuwa na muda wa adabu. Alirudi na majibu ameyakunja mkononi.

"Potasiamu yako imeshuka vibaya, mama. Kile kidonge cha mkojo kinaishusha, lakini si kwa kiasi hiki. Unakunywa kitu gani kingine?"

"Maji."

"Dawa ya mitishamba?"

"Sinywi."

Hapa ndipo penye ujinga wetu, na ni wetu sote, si wake peke yake. Daktari wa hospitali akisikia mitishamba anakufokea kama umekunywa petroli. Mtabibu wa mitishamba akisikia vidonge vya hospitali anakunja uso na hataki kukuuzia. Basi sisi tunawaficha wote wawili. Kwa huyu tunaficha mifuko, kwa yule tunaficha vidonge, tunatoka tumejiona wajanja. Mama yangu alifanya hivyo. Mimi mwenyewe nina chupa nyumbani ambayo daktari wangu haijui.

"Muongo!" akalipuka Mama Hwa-jin. "Anakunywa asubuhi na jioni! Soko zima linalazimishwa kumtazama! Mficha maradhi kifo humuumbua, we mwanamke, sema!"

"Nyamaza, mchuuzi!"

"Ina nini hiyo dawa?" Dokta Seok akauliza. "Imetengenezwa wapi?"

"Ni zawadi ya mwanangu," akasema Mama Gyu-sik, na hata akiwa amelala vile alinyanyua kidevu. "Zawadi haiulizwi viungo."

"Basi nitamwuliza aliyeituma."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Alijaribu kumshika daktari koti. "Ana kazi nyingi. Msimsumbue. Daktari, nakuomba, msimsumbue." Mwanamke ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu alikuwa anaomba. Lakini daktari alikuwa amekwisha kuipata namba katika simu ya yule mama, na mikono yake ilikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo simu akaiweka kitandani, sauti wazi.

"Dawa gani?" ikasema sauti ya Gyu-sik. "Mimi sijatuma dawa yoyote."

"Mama yako anasema kila mwezi unamtumia boksi."

"Daktari, niko kwenye mkutano. Mimi na mama hatujaongea siku nyingi. Mwulizeni yeye mwenyewe anakunywa nini."

Ikakatika.

Mama Gyu-sik aligeuza uso ukutani. Ile mashine ililia mlio wake, ikaruka, ikalia. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kisha Mama Gyu-sik akasema, akiuambia ukuta, "Duka lenye kobe wa mbao mlangoni. Mtaa wa dawa."

Mtaa wa dawa uko nyuma ya soko letu. Ukipiga chafya huku wanakujibu kule. Alikuwa anakwenda, ananunua, anamlipa kijana wa vifurushi amletee, kisha anarudi kibandani kusubiri zawadi ya mwanawe.

Dokta Seok alipiga simu dukani. Mtabibu alitaja mizizi yake yote, na alipofika kwenye mzizi mmoja mtamu daktari alifumba macho. Mzizi ule hauna kosa. Uko karibu katika kila chungu cha dawa kwetu, mpaka mtu mdaku tunamwita kwa jina lake. Lakini ukinywewa siku nyingi nao huiondoa potasiamu mwilini, kama kile kidonge cha mkojo. Na potasiamu ikipungua, kidonge cha kutuliza moyo kinageuka sumu hata kwa kipimo kile kile cha kila siku. Mtu anakosa hamu ya chakula, anatapika, anaona manjano palipo peupe, na moyo unapotea njia. Mtabibu naye alikuwa analia kwenye simu, anaapa kwamba mteja alimwambia hatumii dawa yoyote.

Hatukumaliza kusikiliza. Mlio wa mashine ulibadilika, wakaingia watu wanakimbia, tukasukumwa nje. Tulikaa kwenye ukumbi mpaka jioni. Mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nilimwambia Mama Hwa-jin, "Leo umepata silaha. Ukiitaja hii sokoni, hatainua tena uso." Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu barabarani. Dokta Seok alipotoka kusema moyo umerudi kwenye mstari na mgonjwa ataishi, Mama Hwa-jin alisimama, akafunga koti.

"Twende," akasema. "Tofu yangu inaharibika."

Kesho yake watu wa soko walikuwa wanamngoja Mama Hwa-jin, wamejipanga kama kwenye arusi. Macho mazima au mabovu? Nani anahama, nani anapiga magoti? Akawaambia ni dawa, si macho, zile dawa za mifuko ziligombana na vidonge vya hospitali.

"Dawa za Gyu-sik?" akauliza Mama wa samaki, na nikaona jinsi alivyosogea karibu.

Kisu cha tofu kilikuwa mkononi mwa Mama Hwa-jin. Akakata kipande kimoja, akakata cha pili.

"Za Gyu-sik," akasema. "Jinga kubwa lile. Anampenda mamake mpaka anataka kumuua. Angalau wangu anashika vichwa tu."

Wakacheka, wakaguna, wakasema jamani mapenzi ya mtoto, na habari ikatembea hivyo.

Mama Gyu-sik alirudi sokoni amekonda, na wa kwanza kumpokea alikuwa Mama wa samaki, akimpa pole na kumtania kwamba mwanawe apunguze mapenzi. Nilimwona Mama Gyu-sik anafikiri. Kisha akageuza shingo, akamtazama Mama Hwa-jin, na Mama Hwa-jin akainama kwenye beseni lake.

Ukitarajia walikumbatiana, huwajui. Mama Gyu-sik alimchukia maradufu. Zamani alimtukana kila siku. Sasa akawa hamtukani, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alihamishia meza yake upande wa pili ili asimpe uso. Maji ya tofu yakiingia kwake, anayafagia mwenyewe bila neno. Nafikiri siri ile ingetangazwa angepigana nayo, angesema uongo mwingine mkubwa zaidi, mwaka ungepita, yangeisha. Lakini kuwa na adui anayekusitiri, hapana. Hilo hakumsamehe mpaka mwisho, na mwisho ulikuja baada ya miaka miwili, usingizini, wala si kwa sababu ya dawa. Moyo ulichoka tu.

Gyu-sik alikuja. Alivaa nguo nyeusi na kitambaa cha wafiwa mkononi, akasimama mbele ya picha ya mamake akipokea watu, na nitasema wazi kwamba nilimchukia kwa kila inchi ya suti ile. Sisi wa sokoni tuliketi sakafuni kwenye supu ya msiba. Mama wa samaki, machozi tele, akamshika mikono.

"Mwanangu, mamako alijivuna sana kwa dawa ulizokuwa unamtumia. Ungesikia alivyokuwa anatutambia! Hakuna mtoto hapa Daegu aliyempenda mama kama wewe."

Kijana akamtazama. Niliona amekumbuka ile simu. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kweli, na watu wote walikuwa wanamsikiliza.

Akainamisha kichwa. "Ulikuwa wajibu wangu," akasema.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimekwisha kunyanyuka nusu na bakuli mkononi, na sijui ningelirusha wapi, Mama Hwa-jin aliponishika suruali akanivuta chini kwa nguvu zake zile.

"Kaa, Mzee Bang."

"Anaiba sifa, huyu mwanaharamu!"

"Haibi." Alikuwa analia, na alikuwa na hasira kwamba analia. "Mamake ndiye aliyemnunulia hiyo sifa, nusura imuue. Wewe ni nani umvue?"

Nikakaa. Supu ilikuwa imeshapoa, nikaimaliza hivyo hivyo.